Jiko Lenye Kiuno

Bibi yangu mzaa mama, aliyekaa Kuze katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakuwahi kusema "jiko la makaa". Alisema seredani. Yake ilikuwa ya bati tupu, imesimama juu ya miguu mifupi, na sakafu chini yake ilikuwa imebabuka kwa sababu joto lilishuka kama lilivyopanda. Jioni za Ramadhani aliwasha mbili: moja ya mchuzi, ya pili ya mkate wa kumimina. Mkate ule hutaka moto chini na moto juu, basi aliteka makaa mekundu kwa koleo kutoka seredani ya mchuzi akayapalia juu ya kifuniko. Kazi yangu ilikuwa kupepea. Nilishika kipepeo kabla sijaanza shule.

Naanzia hapo kwa sababu baadaye, nilipoajiriwa serikalini, kila ripoti niliyopewa niisome iliianza historia ya jiko la bati la Kenya kwenye reli. Vibarua wa Kihindi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga njia ya reli kutoka Mombasa, kuanzia 1896, ndio waliokuja nalo, zilisema ripoti hizo. Sina haja ya kulikataa hilo. Mafundi bati wa Kihindi walikuwa mabingwa, na mafundi wetu wengi walijifunza kwao. Lakini katika nyumba za pwani kulikuwa pia na chetezo cha udongo cha kufukizia udi na ubani, na chetezo ni nini kama si kaa lililokalishwa ndani ya udongo? Hilo ripoti hazikulitaja. Na udongo ndio ulioibadilisha kazi yote ya jiko nchini, ingawa ilibidi uzungukie mbali kabla ya kurudi kwetu.

Nimeifanya kazi hii miaka 37. Kumi nilikuwa mtumishi wa Wizara ya Kawi, kama tunavyoiita huku (wenzetu wa Tanzania husema nishati). Kumi na tisa nilikuwa mfanyabiashara, nikichoma udongo wa majiko na kuuza. Minane ya mwisho nilirudi serikalini, safari hii kwenye kaunti. Nimeona jambo lile lile kutoka kwenye viti viwili, na ndiyo maana naandika.

Wizara yenyewe ilikuwa changa. Iliundwa 1979, mwaka ambao bei ya mafuta duniani ilipanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja, na macho ya wakubwa yote yakaelekea kwenye meli za mafuta pale Kilindini. Lakini utafiti uliofanywa mapema miaka ya 1980, serikali ikishirikiana na Taasisi ya Beijer ya Sweden, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya nishati yote iliyotumika Kenya ilitokana na miti. Kuni mashambani, makaa mijini. Nchi nzima iliendeshwa na kitu ambacho hakikuwa na meli, hakikuwa na bomba, wala waziri wa kukikatia utepe. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukaita mkutano wa dunia Nairobi kuhusu nishati mpya na mbadala. Wageni walizungumza sana juu ya jua na upepo. Katika mitaa iliyouzunguka ukumbi, akina mama walikuwa wakinunua makaa kwa mkebe.

Mwaka ule ule ulianza mradi wa wizara wa kuendeleza nishati mbadala, kwa fedha za Marekani, na pembeni yake yakajikusanya mashirika ya kiraia chini ya mwavuli ulioitwa KENGO. Kazi ya majiko iliongozwa na mbunifu Mkenya, Maxwell Kinyanjui. Watu wa mradi walisafiri hadi Thailand, ambako wapishi walikuwa wakitumia jiko la ndoo: ndoo ya bati, ndani yake chungu kinene cha udongo uliochomwa, na katikati ya viwili hivyo kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Walirudi nalo. Halikuwa jiko la kwanza kujaribiwa hapa. UNICEF walikuwa na lao, lenye kuta mbili za bati, wakaliita Umeme. Lilipika vizuri, lakini lilimla fundi bati nyingi na siku nyingi, na mnunuzi hakuwa na pesa hizo.

Lile la Thailand nalo, lilivyokuwa, lilikuwa zito. Udongo ulishuka kutoka mdomoni hadi chini, na mama wa Nairobi anayetoa jiko nje asubuhi na kulirudisha ndani usiku alilibeba kama mtoto mgonjwa. Udongo ulipopata moto ulifura, bati likafura kwa kipimo chake, na mwisho wake ulikuwa ufa. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba mtu akiiona leo anadhani ilikuwepo siku zote. Bati lilibanwa katikati likapata kiuno, juu limefunguka kama kengele iliyopinduliwa, chini limefunguka kama kengele iliyosimama. Kikombe cha udongo kikakalishwa nusu ya juu tu, kikiegemea kile kiuno. Nusu ya chini ikabaki wazi kwa majivu na hewa. Kati ya udongo na bati palipakwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini yenye magamba mepesi kama ya samaki, ambayo yakipashwa moto hufura na kujaa hewa. Mafiga matatu ya chuma juu, mlango mdogo chini, mashikio mawili, basi.

Nililiona kwa mara ya kwanza 1984, siku niliporipoti kazini katika kituo cha nishati cha Mtwapa. Lilikuwa juu ya meza, halijawahi kuwashwa, na mimi niliona nguo ya kike. Mabibi wa Mji wa Kale wangelielewa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kulipeleka kwa mafundi na kwa vikundi vya akina mama kutoka Likoni mpaka Malindi. Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa Majengo, mzee mwenye kibanda cha makuti na nguzo moja ya reli aliyoifanya fuawe. Alitengeneza seredani, ndoo, masanduku ya wanafunzi wa bweni, na taa za kibatari. Nilikuwa na michoro yenye vipimo vya milimita. Aliitazama kwa adabu, akaiweka chini ya jiwe isipeperuke, akalichukua jiko lenyewe akalipindua mara tatu.

"Mwanangu," akaniambia, "bati hili nitalikunja hata kesho. Udongo wako ndio siujui. Nani anauchoma?"

Swali lile lilikuwa moyo wa jambo lote na mimi sikulielewa. Nilimtajia kiwanda. Wiki mbili baadaye nilimletea vikombe 60 vya udongo kutoka kwenye kiwanda hicho. Akaketi, akachukua kimoja baada ya kingine, akakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio. Vingine vililia kama kikombe cha kaure. Vingine vilijibu "ko", sauti ya ubao. Alivitenga mafungu mawili, na fungu la "ko" lilikuwa kubwa kuliko jingine. "Hivi havijaiva," alisema. Sikuamini. Nilimsisitiza avitumie vyote kwa kuwa vimelipiwa, na kwa heshima ya serikali alivitumia. Kabla ya mwezi kwisha akina mama wa Kisauni walikuwa wamenirudishia majiko yenye udongo uliobomoka kama mkate mkavu. Tangu siku hiyo nimegonga kila udongo uliopita mikononi mwangu.

Vikundi vya akina mama navyo vilikuwa na somo lao. Tuliwapimia makaa kabla na baada, na tofauti ilionekana kwa macho. Vipimo vilivyofanywa nchini vinasema matumizi ya makaa yalishuka kutoka kilo 0.67 kwa mtu kwa siku hadi 0.39 kwa familia zilizopika kwa jiko jipya. Mama mwenye watoto watano hakuhitaji tarakimu hizo. Alihesabu siku ambazo debe lilikaa. Lakini fomu nilizotumwa kujaza ziliuliza: "Je, umeacha kutumia jiko la zamani?" Na jibu, nyumba hadi nyumba, lilikuwa hapana. Nairobi walidhani tunashindwa.

Hatukuwa tukishindwa. Mama mmoja wa Mtwapa alinionyesha sababu bila kusema neno. Aliteleka mchuzi juu ya jiko jipya, kisha akatafuta makaa ya kupalia mkate wake. Kikombe cha udongo kilikuwa kidogo, makaa machache, na kuyateka kutoka kati ya mafiga matatu huku sufuria iko juu hakukuwezekana. Akainuka akawasha seredani ya zamani. Jiko lile lilitengenezwa kwa ajili ya sima na maharagwe ya bara, si kwa mkate wa kumimina. Alikuwa na haki ya kuwa na yote mawili, na bado gunia lake lilikaa wiki mbili zaidi. Niliandika hivyo katika ripoti yangu, kurasa nne, na bado naona zilikuwa kurasa zenye maana kuliko fomu zote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka lieleweke. Miaka ile kulikuwa na mfadhili mmoja aliyetaka kuyanunua majiko kwa maelfu na kuyagawa bure. Magari yenye nembo, picha, hotuba. Ndani ya mradi kulikuwa na mvutano, na wale waliosema hapana ndio walioliokoa jiko. Serikali ilitoa mafunzo, ikapeleka majiko kwenye maonyesho ya kilimo, ikawakutanisha wachoma udongo na wakunja bati; bei haikuigusa. Hapakuwa na ruzuku na hapakuwa na mtu aliyedai hati ya kulimiliki jiko. Fundi yeyote aliyeweza kulikunja alilikunja. Majiko ya kwanza mjini Nairobi yaliuzwa kwa karibu dola 15 za wakati huo, kitu cha wenye mishahara. Ndani ya miaka michache, kwa sababu mafundi walishindana wao kwa wao, yalifika dola 3 na chini ya hapo. Shauri Moyo na Kamukunji nyundo zilikuwa hazinyamazi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akaamuru wajengewe vibanda vyenye paa, na jina walilobandikwa, "jua kali", lililokuwa la dharau, likaingia katika karatasi za sera.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yametengenezwa, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Mwaka 1991 Hugh Allen alichapisha kitabu cha mwongozo cha kulitengeneza, na jiko likavuka mipaka, mara nyingi mbele ya kitabu. Dar es Salaam liliitwa Jiko Bora. Ethiopia wakaliita Lakech. Likaingia Uganda, Rwanda na Sudan, kila mahali likibadilisha umbo kidogo kulingana na chungu cha wenyeji.

Mwaka 1994 serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi nilichukua kiinua mgongo nikaondoka. Nilijua hasa nitakifanyia nini: nitachoma udongo. Kwa miaka 10 nilikuwa nimewaambia watu kwamba udongo ndio jiko. Nilitaka kuona kama naweza kuutengeneza.

Udongo tuliuchimba mabondeni, bara ya Mombasa. Ulilowekwa siku kadhaa, ukakanyagwa kwa miguu, ukachujwa mawe, ukachanganywa na mchanga laini, ukalazwa chini ya magunia mabichi. Wanawake saba walifanya kazi nami, na mmoja wao, aliyekulia katika nyumba ya wafinyanzi, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu sote. Alitukataza kuanika juani. Vikombe vilikauka kivulini karibu wiki mbili, vikageuzwa kila siku, kisha vikaingia tanurini. Tulichoma kwa makumbi ya nazi na vifuu, ambavyo pwani havikosekani. Kila tanuri lilikula baadhi ya vikombe vyake. Mvua ikinyesha mfululizo, lilikula zaidi, na asubuhi ya kufungua tanuri hakuna aliyezungumza mpaka cha kwanza kigongwe.

Hapo ndipo nilipolijua lile swali la mzee wa Majengo. Kuivisha udongo vizuri kunataka moto wa saa nyingi, na moto ni pesa. Jirani yangu aliyezima tanuri saa nne mapema aliuza kikombe kwa bei ambayo mimi nisingeifikia, na mnunuzi sokoni Kongowea, anapoviona vyote viwili vimepangwa, vyekundu, vizuri, hakuwa na njia ya kujua. Fundi naye akaacha vamikulaiti akapaka saruji tupu, kwa sababu vamikulaiti ilitoka mbali. Nilipokuwa mtumishi wa serikali nilikuwa nikiwagombeza mafundi kwa mambo hayo hayo. Nilipokuwa na mishahara saba ya kulipa Ijumaa, nilikaa na daftari usiku nikipiga hesabu zile zile, na kuna mwaka nilizima tanuri mapema nami. Naliandika hili bila kujificha. Uhuru uliolifanya jiko liwe rahisi ndio uliofungua mlango wa udongo mbichi, na hatukupata mtu wa kusimama mlangoni.

Kanuni za serikali kuhusu majiko ya kuni na makaa zilitoka 2013, karibu miaka 30 baada ya jiko lenyewe. Ni mwaka huo huo kaunti zilipoanza kazi na nikaitwa nirudi, nishauri juu ya nishati. Kanuni zilitaka leseni na vipimo vya maabara. Nilizichukua nikaenda nazo kwa mafundi, vibanda zaidi ya 40, na sikukuta hata mmoja aliyewahi kuzisikia. Ada ya kupimisha jiko moja ilizidi mapato ya fundi ya siku nyingi. Wakati huo majiko ya kiwandani yalikuwa yameshaingia: Jikokoa, la chuma kinachong'aa, linatengenezwa Ruiru, na linaokoa makaa kuliko letu. Sina kinyongo nalo, nimelipikia. Lakini viwanda vina maabara, vina wanasheria, na baadhi vinauza hewa ukaa iliyookolewa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Makaa yaliyookolewa na mafundi wa Shauri Moyo na Majengo kwa miaka 30 hayakuwahi kuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote, na hakuna aliyewalipa hata thumni.

Kuna jingine ambalo lazima niliseme. Miaka ya Mtwapa nilikuwa nikisimama mbele ya akina mama na kuwaambia, "Jiko hili halina moshi." Ni kweli, jicho halioni moshi. Lakini makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa humlaza mtu asiamke. Tulilijua, na tulilisema haraka haraka mwishoni mwa somo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ya kuni, makaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani. Kama ningepewa tena dakika kumi na wale akina mama, tano zingekuwa za dirisha.

Kwa hiyo simlaumu anayesema makaa yana mwisho wake. Sensa ya 2019 ilikuta karibu robo ya nyumba za Kenya zikipika kwa gesi, na zaidi ya nusu bado kwa kuni. Tanzania ilitoa mwaka 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia kufikia 2034, na Mei ya mwaka huo Rais Samia alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo hilo. Nafurahi kuona chungu cha mama kinajadiliwa na marais. Nakumbuka pia Julai 2021, mwaka wangu wa mwisho kazini, kodi ya asilimia 16 ilipowekwa juu ya gesi ya kupikia Kenya. Wiki ile ile wenye makaa wa Kongowea walirudi kusimama penye njia. Kodi ilipunguzwa mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023, lakini nyumba iliyokwisha kuuza mtungi wake hairudi kwa tangazo la gazeti.

Mwezi uliopita nilipita Majengo. Mzee alikwisha fariki. Kibanda kina mjukuu wake, na ile nguzo ya reli bado ipo, imebonyea katikati. Siku hizi anatengeneza vichanja vya kuwekea mitungi ya gesi, majiko ya kuchomea mishikaki ya wauza vyakula wa usiku, na yale yenye kiuno, ambayo anasema hayajawahi kukosa mnunuzi. Shehena ya udongo ilikuwa imeshushwa asubuhi hiyo, vikombe 30 hivi, bado vina vumbi la tanuri.

"Bibi, nigongee," akaniambia, akanisogezea kigoda.

Nilivigonga vyote. Sita vilisema "ko". Alivichukua bila kuuliza, akavipanga ukutani, na kwa chaki akaandika juu yake: rudisha.